Mabega ya Kukopa

Kabla sijamnyooshea mtu kidole naomba nianze na boriti iliyo kwenye jicho langu mwenyewe.

Miaka 4 iliyopita niliandika hadithi fupi kuhusu siku tuliyopata habari ya kifo cha kaka yangu. Kaka alifariki mwaka 2011, mimi nikiwa kidato cha pili. Hadithi ilikuwa ya kurasa 12, nimeichapa vizuri, nikawasomea washikaji kijiweni. Wakasema, "Kaka, umeua." Basi kichwa kikavimba. Jioni moja nikamsomea na mama, yeye akiwa amekaa na ungo wake anachambua mchele. Nikafika mahali ambapo mama wa kwenye hadithi analetewa habari. Pale niliandika hivi: "Alivuta pumzi ndefu. Akainua mabega yake. Akauma mdomo wake wa chini, na chozi moja likateremka taratibu shavuni mwake."

Mama akaacha kuchambua. Akaniuliza, "Huyo mama ana maradhi ya mabega?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na huyo mtoto aliyekufa, si wake?"

"Ni wake, mama. Huyo mama ndiye wewe."

"Mh!" Akarudi kwenye mchele wake.

Sitaki kudanganya, ile "mh" ilinikaa. Nimesemwa na wahariri, nimerudishiwa miswada, lakini sijawahi kupata uhakiki mfupi namna ile na wa kweli namna ile. Maana siku yenyewe nilikuwepo. Mama hakuinua bega hata moja. Alikaa chini palepale, akanyoosha miguu, akaweka mikono kichwani. Hakulia mara moja. Alianza kumwita kaka kwa jina, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwita mwanawe aje kula. Akamwita mara ya pili. Mara ya tatu ndipo ikageuka kuwa ukunga, na majirani hawakuhitaji kuambiwa kitu. Haya yote niliyaona kwa macho yangu. Sasa nilipokaa na kalamu, yale mabega niliyatoa wapi?

Nimeyatafuta yalikotoka, na nimeyapata. Nimeyapata kwenye daftari la kaka mwenyewe.

Kaka alikuwa mpenzi wa riwaya za James Hadley Chase. Alizinunua kuukuu kwenye vitabu vya kutandazwa chini barabarani, nyingine hazina jalada, nyingine hazina ukurasa wa mwisho, kwa hiyo muuaji hamjui mpaka kesho. Kila neno gumu aliliandika kwenye daftari la shule, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Nikilifungua leo naona kurasa nzima za miili ya watu: "shrug", kuinua mabega. "Nod", kutikisa kichwa. "Sigh", kuvuta pumzi ndefu. "Frown", kukunja uso. "Smirk", hapo ameandika kucheka, akakata, akaandika kutabasamu, akakata tena. "Giggle", "chuckle", "snigger", yote matatu ameyafungia kwenye mabano moja na kuandika: kucheka. Mimi nilijifunza Kiingereza kwenye daftari hilo. Na bila kujua, nikajifunza humo humo namna ya kuandika Kiswahili.

Wenzangu wengi hawakuwa na kaka mwenye daftari, lakini wamefika palepale kwa njia nyingine: riwaya, sinema, tamthilia zenye maandishi chini ya picha. Fungua hadithi zetu sisi vijana, hata zile nzuri. Wahusika wanainua mabega, wanavuta pumzi ndefu, wanapandisha nyusi moja, wanatokwa na chozi moja. Moja tu! Nani kati yetu amewahi kulia chozi moja? Hilo ni chozi la mbele ya kamera.

Sasa kuhusu huyo Chase. Jina lake halisi ni René Raymond, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1906 na kufariki mwaka 1985. Riwaya iliyomtoa, *No Orchids for Miss Blandish*, ni ya mwaka 1939, na inahusu majambazi wa Marekani. Marekani yenyewe hakuwa anaijua kwa kuishi. Aliijenga kwa ramani na kamusi za misimu ya mitaani ya huko. Kwa hiyo tazama safari ya hayo mabega: Mwingereza anawakopa Wamarekani kwenye kamusi, kaka anamkopa Mwingereza kwenye kitabu kisicho na jalada, mimi namkopa kaka kwenye daftari, halafu namvisha mama yangu siku ya msiba wake. Hata Waingereza wenyewe hawakuwa mabingwa wa kitendo hicho. Charles Darwin, kabla ya kuandika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, alituma maswali kwa wamisionari na walowezi sehemu mbalimbali za dunia, na swali mojawapo lilihusu mabega. Katika kitabu hicho anasema Waingereza huinua mabega mara chache zaidi kuliko Wafaransa na Wataliani.

Sisemi kukopa ni dhambi. Anayesema hivyo hajui Kiswahili. Majina mengi ya hisia tunayoyatumia yalikuja na Kiarabu: huzuni, furaha, hofu, aibu, haya, hasira, hamaki, na hata hilo tabasamu. Ila angalia yalivyofanywa baada ya kufika. Hasira kwenye Kiarabu ni majuto na uchungu wa kukosa, sisi tumeigeuza ikawa ghadhabu. Hamaki kule ni upumbavu, huku ni hasira ya ghafla, na ukifikiri vizuri utaona waliogeuza walikuwa na akili. Kiingereza nacho kina mambo hayo hayo. Neno "sad" zamani za kale lilikuwa la mtu aliyeshiba. "Smirk" lilikuwa tabasamu la kawaida tu kabla halijaingia kiburi. Na "frown" mpaka leo halijatulia: Mwingereza akilisikia anafikiria kipaji cha uso, Mmarekani wengi wao wanafikiria mdomo uliopinda chini. Kwa hiyo ukiandika "akakunja uso" kwa kufuata kitabu cha huko, hata hujui umefasiri uso wa nani. Neno la kukopa likikaa mdomoni mwa watu linapata mizizi. Yale mabega yangu hayajakaa mdomoni mwa mtu. Yamekaa kwenye karatasi.

Nije kwenye ufundi wenyewe, kwa sababu lawama bila mfano ni umbea.

La kwanza ni kichwa. Kaka aliandika "nod" kuwa ni kutikisa kichwa. Kurasa mbili mbele kuna "shake", na hiyo nayo ameandika kutikisa kichwa. Hakukosea sana, maana kichwa kinatikisika kwa vyote viwili. Lakini mwandishi anapoandika, "Alimuuliza kama anampenda. Msichana akatikisa kichwa," mimi msomaji nimebaki njia panda. Kakubali au kakataa? Kijana aende akalete posa au aende akanywe pombe? Kiswahili kinatoka hapo kirahisi: akaitikia kwa kichwa, akakataa kwa kichwa. Sisi tunang'ang'ania neno moja kwa sababu kule kuna neno moja.

La pili ni huo uenyeji wa viungo. "Akafumba macho yake." "Akauma mdomo wake." Kwani angefumba macho ya nani? Kiingereza kinadai mwenye jicho atajwe kila mara, Kiswahili hakidai. Akafumba macho, basi. Hadithi yangu ya kurasa 12 nilipoipitia kwa kalamu nyekundu nilifuta "yake", "wake" na "lake" mpaka karatasi ikawa kama ina surua.

La tatu ni kubwa zaidi, na naomba ulifikirie ukiwa peke yako. Kwenye riwaya za Kiingereza mara nyingi mtu ndiye anayeutenda mwili wake: anapanua macho, anashusha uso, anakaza taya. Kiswahili nacho kinaweza, lakini jambo likiwa zito hugeuza kibao, na kiungo ndicho kinachomtenda mtu. Macho yakamtoka pima. Uso ukamshuka. Nywele zikamsimama. Kijasho chembamba kikamtoka. Roho ikampaa. Ona hiyo "m" ndogo iliyojibana katikati ya kitenzi. Hiyo ndiyo inayosema kwamba hisia imemkuta mtu, hakuipanga. Ukiandika "alipanua macho yake kwa mshangao" umemfanya mhusika wako kuwa mwigizaji, maana anayepanua macho kwa makusudi huwa anajifanya kushangaa. Kosa hilo halionekani kwenye kamusi. Linaonekana kwa msomaji anayehisi mhusika ni mwongo na hajui kwa nini anahisi hivyo.

La nne ni kicheko, na hapa nataka kumtetea kaka na yale mabano yake. Wengi wetu tunaona wivu. Tunasema Kiingereza kimetajirika, kina kitenzi cha kila kicheko, sisi tuna kucheka tu. Kwanza si kweli. Kuna kuangua kicheko, kuna kucheka chini kwa chini, kuna kukenua, kuna kuvunjika mbavu. Lakini utajiri wenyewe umejificha kwenye mikia ya kitenzi. Chukua kucheka ukianze kuchezea: kumcheka mtu, kumchekea, kumchekesha, kuchekana, kuchekelea, kujichekea, kujichekesha. Hebu simama hapo kwenye kujichekesha. Mtu mzima, mbele ya bosi wake, mzaha wenyewe hauchekeshi, naye meno nje. Au kijana mbele ya baba wa mchumba. Neno moja, umemwona mtu, umeuona na uoga wake, na umejua nani mwenye nguvu hapo chumbani. Fanya hivyo kwa kulia: kumlilia mtu, kulilia kitu, kulizwa, kujiliza. Kiingereza kimeweka aina za vicheko kwenye mashina tofauti, na aina zenyewe zinahusu sauti na mdomo: wa juu, wa chini, wa puani. Kiswahili kimeweka aina kwenye viambishi, na kinachohesabiwa ni nani anamchekea nani. Anayeandika Kiswahili huku akitafuta kinyume cha "snigger" anapekua kabati ambalo halina nguo hiyo, wakati kabati la pili limejaa.

La tano ni sauti. Daftari la kaka lina kurasa 3 za sauti za binadamu, na halina kusonya. Haliwezi kuwa nayo, kwa sababu watu wa Chase hawasonyi. Mtu aliyekulia mtaani kwetu anajua msonyo ni sentensi nzima. Kuna wa kuchoka na foleni, kuna wa kumdharau mpita njia, kuna ule mrefu wa mama mkwe ambao ukianza nyumba nzima inatafuta kazi ya kufanya. Kiingereza cha Uingereza hakina kitenzi kimoja cha kawaida kwa hilo, kinalazimika kueleza habari za kufyonza meno. Lakini Kiingereza cha Trinidad kinacho, wanaita "steups", na mwaka 1976 wanaisimu wawili, John na Angela Rickford, waliandika makala wakionyesha kwamba msonyo huo, pamoja na lile jicho la kumkata mtu, ni urithi wa Afrika uliovuka bahari na watu waliouzwa utumwani. Fikiria basi. Watu walinyang'anywa majina, wakanyang'anywa lugha, wakabaki na msonyo na jicho. Sisi ambao hatukunyang'anywa tunauacha msonyo nje ya hadithi kwa sababu haukuwemo kwenye riwaya tuliyosoma.

Vivyo hivyo kushika tama. Bibi yangu alikuwa akinikuta nimeketi kiganja shavuni ananipiga kofi la mkono: "Toa mkono! Unamlilia nani? Unatutakia uchuro?" Kwa hiyo mhusika wangu akishika tama, mimi na wewe tunajua ana huzuni, na tunajua pia kuna mzee atakayemkemea. Ishara moja imebeba nyumba nzima. Kuinua mabega kumebeba nini?

Niseme na hili la mazungumzo. Tumeambukizwa kuandika: "alibwata", "alifoka", "alidakia", "alimaka", kila anayefungua mdomo ana kitenzi chake cha ajabu. Elmore Leonard, mwandishi wa Kimarekani wa riwaya za uhalifu, alitoa kanuni zake mwaka 2001 kwenye gazeti la *New York Times*, na mojawapo ni kwamba mhusika akisema andika "alisema", usiongeze mbwembwe. Hao ndio wenye vitenzi vyote hivyo, na bingwa wao anawakataza! Sisi tuna njia nyingine ambayo hata Leonard angeitamani. Sauti tunaiweka yenyewe ndani ya usemi. Mh! Ala! Ebo! Nyoo! Ng'o! Anayesema "Aka!" amekwisha kukataa kabla hujamwandikia kitenzi. Mama yangu alihakiki kurasa 12 kwa herufi mbili.

Najua nitajibiwa. Kuna mwenzetu mmoja wa kikundi, mwandishi mzuri kuliko mimi, aliniambia, "We bwana unataka tuandike kama mwaka 1951. Vijana wa mjini siku hizi wanainua mabega kweli. Katazame." Na ni kweli, nimekwenda nikatazama. Mwanafunzi kwenye daladala anaulizwa na konda nauli iko wapi, anainua mabega. Tangu mwaka 2016 hata kwenye simu kuna kikaragosi cha mtu anayeinua mabega, watu wanatumiana usiku kucha. Sawa. Basi mwandike huyo kijana, na mpe hayo mabega, kwa sababu sasa ni yake. Mwandike na konda anayeona mabega hayo akasonya. Hapo una hadithi ya watu wawili wenye miili miwili. Ninachokataa ni kumpa mabega hayo mtu ambaye hujamwona akiyainua.

Na huo mwaka 1951 asiuchezee. Ndio mwaka *Kusadikika* ya Shaaban Robert ilipotoka, na ukiisoma utaona mzee hakuhangaika na nyusi za mtu. Aliwapa wahusika majina ya tabia zao, Karama, Majivuno, akawaacha waseme barazani. Hiyo ni njia mojawapo. Mwaka 1979 Adam Shafi akatoa *Kuli*, habari za wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, na huko miili ina mizigo mgongoni. Hiyo ni njia nyingine. Wote wawili walikuwa na kitu wanachokitazama. Sisi tumekuwa na kitu tunachokikumbuka kutoka kwenye kitabu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo. Usilitupe daftari la Kiingereza, mimi la kaka siwezi kulitupa hata kwa dawa. Lakini anza la pili, na safari hii Kiswahili kiwe kushoto. Kaa kituoni, kaa msibani, kaa kwenye foleni ya maji. Andika mtu anafanya nini anapodaiwa pesa hana. Andika sauti ya mtu mzima anayeinuka kwenye mkeka. La kwangu limefika ukurasa wa 31, na upande wa kulia kuna mistari mingi mitupu. Siijazi kwa nguvu.

Ile hadithi niliiandika upya mwaka jana. Nikafuta mabega, nikafuta lile chozi moja, nikaandika nilichokiona: mlango, kizingiti, miguu iliyonyooshwa, mikono kichwani, jina la kaka mara tatu. Nikamsomea mama tena. Safari hii alikuwa anakunja nguo, hakuacha kukunja. Nilipomaliza alikaa kimya jii, muda mrefu, nikaanza kuogopa.

Halafu akasema, "Sikukaa kizingitini. Nilikaa kwenye ile mbuzi ya kukunia nazi. Ndiyo maana shuka lilichanika."

Nimesharekebisha.